Ripoti Niliyoiandikia Jikoni

Nianze na aibu yangu, ndiyo mkinikuta sokoni Chepilat msinisalimie kwa heshima nyingi kupita kiasi. Mimi mnayemwita Balozi niliwahi kuandika ripoti ya kikao ambacho sikuhudhuria. Niliiandikia jikoni kwangu, nimekalia kigoda, miguu kwa moto, mahindi mawili yakichomeka kando, na mvua ya mawe ikipiga mabati kama watu wanaturushia kokoto. Ukurasa mmoja safi, mwandiko wa mtu wa kidato cha nne, sahihi chini. Kesho yake ukurasa huo nusura uue mtu.

Ninyi vijana mliochaguliwa juzi kwa kamati ya mpakani mmenitumia ujumbe ati niwaandikie kazi yetu ilikuwa aje miaka ya tisini. Nitaandika, lakini msitafute mpangilio. Mimi hata nguo zangu mke wangu Rael ndiye huzipanga.

Kwanza jina. Jina la Balozi nilijipa mwenyewe, na mwenye makosa ni mwalimu wetu wa historia. Tukiwa kidato cha tatu alitufundisha juu ya miji ya Italia ya zamani, karne kama tano zilizopita, miji iliyokuwa ikiogopana kama majirani waliogombania ua. Kila mji ulimtuma mtu wake akaishi kwa mwenzake. Si kupeleka salamu na kurudi, la, kuishi. Ale chakula chao, asikie uvumi wao, na kila mara aandike barua nyumbani. Alivaa hariri, mwalimu akasema, lakini mshahara ulichelewa miezi, na alizeekea ugenini. Kazi ikiisha alirudi kwao, akasimama mbele ya wakubwa wa mji, akawasomea yote aliyoyaona huko. Darasa zima lilikuwa linasinzia. Mimi nilishikwa na jambo moja tu: mwalimu aligonga ubao akasema mji hauoni kwa macho yake, unaona kwa macho ya mtu huyo, na siku akiandika uongo mji mzima umekuwa kipofu.

Nilifikiri nimeelewa. Nilipata hata alama nzuri.

Sasa kazi yenyewe. Kiwanda chetu cha majani chai kilikuwa upande huu wa mto, upande wetu Wakipsigis, lakini kilinunua majani mpaka ng'ambo, kwa Wagusii. Siku za kawaida mto huo ni wa kuruka tu, na watu walioana, waliuziana, walikopeshana jembe. Lakini miaka ile siku za kawaida zilikuwa chache. Ng'ombe wangeibwa huku, kesho waibwe kule, na kabla ya saa sita vijana wamejipanga kingo zote mbili na pinde na panga. Meneja hakutaka kutuma lori kama mtu anayepapasa gizani. Kwa hivyo kila Jumanne nilivuka daraja, nikashinda na wazee wa huko, jioni nikaandika ukurasa mmoja. Nikiandika “hali ni shwari,” Jumatano asubuhi lori lilienda kuchukua majani. Nikiandika “subirini,” majani yalioza vikapuni lakini watu walibaki wazima. Nakala moja ilikaa kwa meneja. Nyingine dereva aliibeba mfukoni kama kibali.

Mtu asiyependa kutoka nyumbani kwake kupewa kazi kama hiyo ni maajabu. Rael husema mimi nikivuka ua wa jirani nahitaji pasipoti. Lakini nilijua kuandika, na Ekegusii nilikuwa nimejifunza kwa kubishania bei ya ndizi, basi wakanichukua.

Aliyenifundisha ni Mzee Tonui. Yeye alifanya kazi hiyo kabla ya mambo ya karatasi, kwa kichwa na miguu tu. Siku ya kwanza aliniangalia kutoka juu mpaka chini akacheka.

“Weri, kijana, unaenda vita?”

Nilikuwa nimebeba rungu. Mwanamume wa hapa bila rungu ni kama ametoka bila suruali.

“Acha hiyo darajani,” akasema. “Na hilo koti livue, libebe mkononi. Koti linaficha simi. Hata kama kunanyesha, wacha unyeshewe. Mtu aliyelowa haogopwi.”

Alinifundisha kutembea katikati ya barabara wala si kando, na kutokimbia hata nikiitwa. Alinifundisha kurudia maneno ya mwenzangu kwanza, kama alivyoyasema, kabla sijatoa yangu. Hilo lilinishinda mwaka mzima. Siku yangu ya kwanza nilifika kwa mzee mmoja ng'ambo, nikasimama langoni na kumwaga ujumbe wote wa meneja kwa pumzi moja. Mzee alinisikiliza, kisha akamuuliza mkewe, “Kuna mtu amefika?” Mke akasema hajaona mtu. Nikakaa kwenye nyasi saa nzima mpaka uji wa wimbi ulipoiva, nikanywa, ndipo mzee akaniona. “Aa, umefika! Kuna habari?” Nikaanza upya.

Lakini somo kubwa la Mzee Tonui lilikuwa juu ya vibuyu. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa na vyombo vya wenzao. Mama wa huku anapeleka kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, chombo kinabaki kule wiki mbili tatu. Mama wa kule anatuma chungu, kinakaa hapa. Hakuna anayeharakisha.

“Usisikilize wanaume,” Mzee Tonui aliniambia. “Mwanaume atakuambia amani na upinde uko chini ya kitanda. Wewe angalia vyombo. Siku wanawake wakianza kurudishiana vibuyu na vyungu kabla ya wakati, usiandike shwari. Hakuna mtu huacha kibuyu cha mke wake kwa nyumba anayotaka kuiumiza.”

Ninyi siku hizi mnapiga simu. “Huko aje?” “Huku fiti.” Mnaandika fiti. Hiyo ni ripoti ya jikoni, vijana wangu, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na mahindi.

Turudi kwa hiyo Jumanne. Mvua ya mawe ilianza saa tano. Nilisimama mlangoni, nikaangalia barabara, nikaangalia moto. Wiki nne mfululizo nilikuwa nimeandika maneno yale yale: hali ni shwari, wazee wanasalimu. Nikajiambia, kuna nini kipya? Nikaandika. Na kwa sababu ripoti fupi inaonekana ya uvivu, nikaongeza chumvi. Nikaandika kwamba Mzee Nyakundi, mkubwa wa wazee wa ng'ambo, ametupokea vizuri, goti linamsumbua kidogo, lakini ana furaha kwa vile ng'ombe wake wanatoa maziwa vizuri msimu huu.

Sikujua kwamba usiku wa Jumatatu ng'ombe sita wa Mzee Nyakundi walikuwa wameibwa. Zizi zima.

Jumatano asubuhi nilimkuta Ouma kwenye geti la kiwanda. Ouma alikuwa dereva, mtu wa kutoka ziwani, akiishi na mkewe na watoto watatu kwenye laini za wafanyakazi. Hakuwa na ng'ombe huku wala kule. Ugomvi wetu kwake ulikuwa kama mchezo wa mpira wa timu asizozijua. Aligonga mfuko wa shati, karatasi yangu ikalia.

“Balozi, omera, ndugu yangu, kuko sawa?”

Hapo ndipo nilikuwa na nafasi. Sekunde kama tatu. Ningesema, “Ngoja kidogo, sikufika huko.” Badala yake nikasema, “Si umesoma?”

“Nimesoma. Hii karatasi ndiyo bima yangu.” Akawasha lori, akaenda.

Saa nne hivi, mpakiaji mmoja alikuja mbio mpaka kwangu, miguu mitupu, ametapakaa matope mpaka masikioni. Nilikuwa nachuma majani karibu na nyumba. Aliongea vipande vipande. Walipovuka daraja walikuta magogo barabarani. Vijana wakatoka pande zote. Wapakiaji waliruka wakakimbia, lakini Ouma alikuwa ameshika usukani, akabaki. Akawaonyesha karatasi yangu.

“Akawaonyesha karatasi?”

“Akawasomea, Balozi! Kwa sauti! Alifikiri itamsaidia.”

Nikaketi chini katikati ya michai. Hebu fikirieni. Mtu ameamka zizi tupu, halafu lori la upande wa pili linafika na barua rasmi inayosema ana furaha, ng'ombe wake wanatoa maziwa vizuri.

Mpakiaji akamaliza: wamemfungia Ouma kwa stoo ya mahindi. Wanasema ng'ombe sita warudi kabla jua halijagusa mikaratusi ya kilimani. La sivyo lori linawashwa moto, na Ouma ndani.

Nitawaambia ukweli. Jambo la kwanza lililonijia si Ouma. Nilifikiria kwenda kwa dada yangu kule Kapkatet, nikae huko kidogo. Mimi, ambaye sijawahi kutaka kusafiri! Nikaingia ndani. Rael alikuwa amesikia yote kupitia dirishani.  Alinitupia viatu vya mpira akasema, “Vaa.”

Nilipotoka, Mzee Tonui alikuwa tayari uani, amesimama na fimbo yake, anahema. Habari ilikuwa imefika kwake kabla yangu.

“Hiyo karatasi uliandikia wapi?”

“Jikoni.”

Nilitamani anipige. Hakunipiga. Aliinama, akang'oa nyasi mbichi pamoja na mizizi yake, akanipa. Kwetu mtu anayeshika nyasi hivyo hajaja kwa ubaya, na ng'ambo wanaijua hiyo alama.

“Mimi nafuata nyayo za ng'ombe na wazee wenzangu. Lakini hatutawapata leo. Kwa hivyo usiende kuahidi ng'ombe.”

“Nikamwombee Ouma vipi basi?”

“Usimwombee Ouma. Enda ujishtaki. Ukianza kumwombea, watafikiri mlipanga pamoja. Jishtaki peke yako mpaka asibaki mtu mwingine wa kulaumiwa.”

Kilomita tatu mpaka darajani sikuwahi kuziona ndefu vile. Wingu lilikuwa limerudi. Niliacha rungu kwenye nguzo ya daraja, nikavua koti, na mvua ya mawe ikaanza tena, inanipiga kichwani na mabegani. Nikatembea katikati ya barabara na nyasi mkononi. Nilihesabu hatua kwa Kikipsigis, kisha kwa Kiingereza, ili nisikimbie.

Vijana kama arobaini hivi walikuwa mbele ya lori. Nilinusa petroli kabla sijaona jerikeni. Mmoja akavuta upinde wake akanielekezea kifuani, wala hakuwa anatania, kwa sababu mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

“Ni yule wa kuandika!” mtu akasema. “Amejileta!”

Ndipo Mama Kerubo akatokea kati yao akiwasukuma kwa kiwiko. Huyu alikuwa muuza ndizi wa Chepilat, na kwa kweli ndiye aliyekuwa balozi wa ng'ambo, ila hakuwa na karatasi wala mshahara. Kikipsigis chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wangu. Kila Jumanne nilikula kwake chakula cha mchana.

“Umeleta ng'ombe?” akaniuliza. Hakunisalimu.

“Sijaleta.”

“Umeleta nini?”

“Makosa yangu.”

Akanitazama kidogo. “Basi twende uyaseme kwa mwenyewe.”

Mzee Nyakundi alikuwa ameketi nje ya zizi lake tupu, chini ya ukingo wa paa la stoo. Ndani ya stoo hiyo nilisikia mtu akikohoa. Ouma. Vijana walitufuata wakajaza ua wote. Jerikeni walikuja nayo.

Mzee alikuwa na karatasi yangu kwenye goti, imelowa, wino umeanza kutawanyika. Hakuninyamazia wala hakungoja uji uive. Alisoma pole pole, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la pili.

“'Goti linamsumbua kidogo.' Lipi?” akauliza.

“Mzee...”

“Nakuuliza, goti lipi? La kulia ama la kushoto? Wewe ndiye uliniona Jumanne.”

“Sikukuona, mzee. Sikuja.”

“Kwa nini hukuja?”

Kijana mwenye upinde akajibu kwa niaba yangu. “Kwa sababu alijua! Aliogopa kuja akijua ng'ombe wako wapi! Kisha wakatuma lori kutucheka!”

Ua wote ukanguruma. Nikaona jinsi maneno yake yalivyopangika vizuri, bora kuliko ukweli wangu. Nikarudia kama nilivyofundishwa. “Huyu ndugu anasema niliogopa kwa sababu nilijua. Nimesikia. Ningekuwa mahali pake ningesema hivyo hivyo.” Kisha nikasema yangu. Nikasema niliandika nikiwa jikoni. Nikasema meneja alidanganywa, wazee wetu walidanganywa, Ouma alidanganywa kuliko wote. Sikutaja mvua, nikihofia itaonekana kisingizio. Nikasema hakuna mtu aliyenituma kuandika vile isipokuwa uvivu wangu.

“Uvivu!” kijana akatema mate. “Mtu anaharibu nyumba ya watu kwa uvivu?”

 Jua lilikuwa limechungulia kati ya mawingu, na mimi niliiona mikaratusi ya kilimani kwa pembe ya jicho. Ndani ya stoo Ouma aliacha kukohoa. Alikuwa anasikiliza.

Mama Kerubo alikuwa ameondoka. Sikujua alienda saa ngapi. Nilimwona akirudi amekumbatia kitu kifuani. Ni kibuyu cha Rael, kile cha shanga nyekundu shingoni. Akakiweka chini mbele ya Mzee Nyakundi.

“Mzee, hiki ni cha mke wake. Kiko kwangu tangu Jumanne ile ingine. Hakuna mtu amekuja kukichukua.”

Mzee akaiondoa karatasi gotini.

“Unakumbuka ile mara ya mwisho tulichomewa nyumba?” Mama Kerubo akaendelea. “Wiki nzima kabla yake wanawake wa kule walikuja mmoja mmoja. 'Nipe kibuyu changu, nina mgeni.' 'Nipe changu, mtoto analia.' Tukabaki na misumari mitupu ukutani. Hawa watu hawaachi kibuyu kwa nyumba wanayotaka kuiumiza. Kama huyu angejua, mke wake angekuwa hapa Jumatatu asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.”

Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikawa ile ya sokoni. “Na mmemwangalia vizuri lakini? Huyu, aibe ng'ombe usiku? Huyu nyumbani kwangu akisikia ngurumo anauliza kama anaweza kwenda. Ananyeshewa kidogo ameandika wosia.”

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko cha ghafla kama chafya. Kisha mwingine. Sijawahi kufurahia kudharauliwa namna hiyo maishani mwangu. Kijana wa upinde hakucheka, lakini aliushusha upinde wake.

Mzee Nyakundi alikishika kibuyu, akakigeuza, akagusa zile shanga moja moja.  Mwishowe akasema, “Dereva aende. Huyu abaki mpaka ng'ombe warudi.”

Walipofungua stoo Ouma alitoka akiwa ametapakaa vumbi la mahindi, macho madogo. Alipanda lori, akashika ufunguo, na mkono ukakataa. Ufunguo uligonga chuma, ukagonga tena, haukuingia. Mama Kerubo alipanda kwenye ngazi ya lori na bakuli la uji, akamshikia mpaka akamaliza, kama mgonjwa. Ndipo akaweza. Alinipita bila kunitazama. Tangu siku hiyo Ouma hakubeba tena karatasi yangu. Kila Jumatano alisimama mbele ya nyumba yangu na kupiga honi mpaka nitoke, nikae kando yake kwenye lori, kwenda na kurudi. “Bima ni wewe mwenyewe, panda,” alikuwa akisema, na hakuwa akicheka.

Mimi nilikaa kwa Mzee Nyakundi siku tatu. Nilichota maji, nilipasua kuni, nililala stoo ile ile. Nilijua sasa ni goti lipi, maana nilimkanda mwenyewe kila jioni: la kushoto. Siku ya tatu Mzee Tonui alivuka daraja na wazee wanne na ng'ombe watano. Wa sita alikuwa ameshaliwa, na upande wetu ulitoa ndama. Mzee Nyakundi aliwahesabu, akawapapasa migongo, akaniambia naweza kwenda. Nikaondoka na koti langu mkononi ingawa jua lilikuwa linawaka.

Na sasa nitawaambia jambo la mwisho, kwa sababu mwalimu wangu alisema mtu wa kazi hii husoma yote. Njiani kurudi nilianza kuisahau aibu. Kila hatua ilinifanya shujaa zaidi. Nilipofika kwenye ua wangu nilikuwa tayari nimepanga maneno: mshale ulivyokuwa kifuani, petroli ilivyonuka, nilivyotembea bila kukimbia. Jirani yangu Mama Chepng'eno alikuwa anachuma majani upande wake wa ua, kikapu mgongoni. Nikasimama, nikaanza kumsimulia kabla hata ya kuingia kwangu, na nikafika pale Ouma alipotoka stoo kwa sababu yangu.

Aliendelea kuchuma. Alirusha konzi mbili za majani nyuma kwenye kikapu, kisha akaniangalia.

“Balozi, ulimtoa mahali ulimtia mwenyewe. Enda kwanza ukamwombe mke wa Ouma msamaha, hiyo hadithi yako haina haraka.”